Nilisaini Uwanja wa Gofu Usio na Maji

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, habari yangu ni fupi. Naitwa Beatha, mzaliwa wa Kilosa, mtaalamu wa maji kwa kusomea. Mwaka 2009 nilimfuata mume wangu Thabo Johannesburg. Thabo alizaliwa Morogoro wakati baba yake akiwa mkimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini. Mama yake ni Mzanzibari, jina lake Biubwa. Nilishona mapazia Fordsburg miaka mitano kabla ya kupata kazi niliyoisomea, katika ofisi ndogo ya washauri pale Doornfontein.

Wengi mmeniandikia mkiniita mjinga kwa kumvumilia Thabo. Sawa. Leo mtaniita jina baya zaidi, na sitabisha.

Leo nasimulia uongo niliouwekea sahihi kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa Januari 2016. Baba mkwe wangu, Mzee Molefi, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya jamii yake huko Mmatlapeng, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Johannesburg. Mgodi wa platinamu uliokuwa ukiwalisha ulikuwa umepunguza nusu ya wafanyakazi. Vijana walikaa kutwa nzima mbele ya spaza, viduka vya mtaani, wanaume wazima walirudi majumbani na viatu vya mgodini mikononi.

Akatokea mwekezaji mwenye picha za rangi. Uwanja wa gofu wa mashimo kumi na nane, hoteli, nyumba za matajiri kuzunguka nyasi za kijani. Ardhi ni ya jamii, yeye ataikodi kwa miaka tisini na tisa. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya mkataba: upembuzi yakinifu unaosema kwamba jambo hili linawezekana.

"Kwa nini tutafute mgeni?" baba mkwe aliwaambia wenzake. "Mkwe wangu ndiye mtaalamu wa maji."

Hapo ndipo nilipotakiwa kukataa. Mtu hapimi kisima cha baba mkwe wake. Lakini miaka saba katika familia ile nilikuwa naitwa "yule wa Tanzania", na siku hiyo kwa mara ya kwanza nikaitwa mtaalamu.

Nikakubali.

Bosi wangu, André, alifurahi mno. Kazi zilikuwa chache mwaka ule. Mwenzangu Parfait, Mkongomani wa Lubumbashi, akapewa sehemu ya soko: wachezaji wangapi watakuja, kutoka wapi. Mimi nikapewa maji.

Siku ya pili tu Parfait alizungusha kiti chake akaniangalia.

"Dada Beatha, batu batatoka Joburg masaa mbili, bapite viwanja kumi njiani, juu ya kuja kupiga ka-boli kule?"

"Andika ulichokiona, Parfait."

"Miye nitaandika. Na weye?"

"Na mimi pia," nikamjibu. Nilimaanisha kabisa.

Tarehe mbili Februari tulifunga pampu kwenye kisima kirefu kilichochimbwa katika malisho ya jamii. Mvua zilikuwa zimegoma tangu mwaka uliotangulia. Ng'ombe walikuwa mbavu tupu, majani yamekuwa kama ufagio. Mpango ulikuwa kuvuta maji mfululizo kwa saa sabini na mbili, tukipima yanavyoshuka.

Tulianza alfajiri. Mpaka mchana maji yalitoka kwa nguvu hata baba mkwe akavua kofia akainyunyizia maji, akacheka kama mtoto.

"Unaona, mwanangu? Yapo! Wazee wetu walikaa juu ya maji bila kujua!"

Alinisemesha Kiswahili. Kila alipotaka kunigusa moyo alinisemesha Kiswahili kile alichokiokota Morogoro.

Jioni, saa ya kumi na moja tangu tuanze, pampu ilianza kukohoa. Ikatema matope. Ikatema hewa. Nikaamuru izimwe.

Dakika hiyo hiyo simu yangu ikaita. Alikuwa mama mkwe wangu, Mama Biubwa, aliyekuwa nyumbani kijijini, kilomita mbili kutoka pale.

"Mwanangu, huko mnafanya nini? Bomba la huku limekata. Kina mama wamejaa na ndoo, hapana hata tone."

Maana yake ilikuwa moja: maji ya malishoni na maji ya bomba la kijiji yalikuwa maji yale yale. Uwanja wa gofu hunywa karibu lita milioni moja kwa siku wakati wa joto. Kisima kile hakikufika hata robo. Nyasi zingekunywa, na kijiji kingebaki na ndoo tupu.

Nilikwenda kwa Mama Biubwa nikamweleza kila kitu, tumekaa jikoni kwake. Yule mama ameishi Mmatlapeng tangu 1992 na Kiingereza hakijui, lakini hesabu ile aliielewa kabla sijaimaliza.

"Mimi hapa nakoga kwa ndoo moja tangu Novemba," akasema. "Basi waambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Nitawaambia, mama."

"Hata Mzee akinuna. Akinuna atanunua."

"Nitawaambia."

Nilirudi Johannesburg nikaandika ripoti kurasa arobaini. Hitimisho lilikuwa mstari mmoja: mradi huu hauwezekani.

André aliisoma Ijumaa mchana. Akafunga mlango wa ofisi yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Beatha, 'hauwezekani' si neno la kitaalamu."

"Maji yalikwisha kwa saa kumi na moja, André. Na bomba la kijiji lilikata."

"Saa sita za kwanza, maji yalitoka vizuri au hayakutoka?"

"Yalitoka."

"Basi andika saa sita za kwanza. Sikwambii udanganye. Hizo saa sita si kweli?"

"Ni kweli, lakini..."

"Andika la kweli. Kisha andika 'unawezekana kwa masharti'. Mkitaka maji zaidi mtachimba visima zaidi. Hilo ni jukumu la mwekezaji, si letu."

"Na bomba?"

"Bomba la kijiji hukata mara ngapi kwa mwezi?"

Hukata mara nyingi. Alijua.

"Ripoti ikisema hapana, wateja wengine watatukimbia," akasema taratibu. "Parfait nimeshaongea naye. Amekataa kubadilisha sehemu yake, kwa hiyo tangu leo hayupo nasi. Naomba nisimpoteze mtu wa pili wiki moja."

Nilitoka nikakuta meza ya Parfait imekwisha kusafishwa. Hata kile kikombe chake chenye mpini uliovunjika hakikuwepo.

Nyumbani, flati yetu Jeppestown, nilimkuta Thabo mlangoni. Alikuwa amekwisha kupigiwa simu. Na nani, sikuuliza.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja ili mnielewe. Kibali changu cha kuishi na kufanya kazi kilitundikwa kwenye ndoa. Kinapokwisha, mume huandika barua kwamba huyu bado ni mke wangu na tunaishi pamoja. Bila barua hakuna kibali, bila kibali hakuna kazi. Tena binti yetu Lesedi, wa miaka saba, ni raia wa huku kwa baba yake. Mimi nikiondoka, yeye anabaki.

Maombi yangu mapya yalikuwa yamekwisha kupelekwa mwanzoni mwa Januari. Ilibaki barua ya mume tu. Kila nilipoiomba, Thabo alisema kesho.

"Unataka kumwaibisha baba?" akaniuliza, hata kabla sijavua viatu.

"Thabo, maji hayapo."

"Watu mia tatu watapata kazi, Beatha. Mimi mwenyewe nimeahidiwa usimamizi wa viwanja. Nina miaka mingapi nyumbani? Unajua mwanamume anajisikiaje mke akimnunulia hata nyembe?"

"Mama yako atachota wapi maji?"

"Mama yangu atajengewa nyumba yenye bomba ndani."

"Bomba la maji yapi?"

Akapiga meza kwa kiganja. Lesedi akatoka chumbani akatutazama, akauliza kwa Kizulu kuna nini. Thabo akamwambia arudi akafanye kazi za shule. Akasubiri mlango ufungwe.

"Barua yako nitaandika," akasema, sauti imeshuka. "Najua kazi ya mke ni nini, na kazi ya mume ni nini. Wewe fanya yako."

Hakusema "la sivyo". Hakuhitaji.

Kesho yake, Jumamosi, baba mkwe akanipigia. Nilitegemea ukali. Alilia. Mzee mzima, mpigania uhuru, analia kwenye simu kwa Kiswahili.

"Mwanangu, nilirudi nchi hii na sanduku moja. Nilikuwa nimewaambia vijana, subirini, uhuru umekuja, kazi zitafuata. Nimewaambia hivyo miaka ishirini na miwili. Sasa wananiangalia tu. Usinifanye nife mwongo."

Ningeweza kumjibu kwamba ananitaka mimi niishi mwongo. Leo maneno yale ninayo. Siku ile sikuwa nayo.

Nililala kitandani Jumapili nzima nikijidai naumwa kichwa. Nilipiga hesabu upya kana kwamba visima hubadilika mtu akiwahurumia watu. Kila upande niliogeukia palikuwa na mtu ninayempenda amesimama mlangoni.

Jumatatu nilifuta saa tano za mwisho. Nikafuta mstari wa bomba. Nikaandika: unawezekana kwa masharti. Nikaweka sahihi.

André alinipigapiga mgongoni. "Sharp," akasema, yaani safi kabisa.

Thabo alinipa barua siku hiyo hiyo, imekunjwa vizuri ndani ya bahasha. Niliikimbiza ofisi ya vibali kama mtu aliyebeba dawa ya mgonjwa.

Mkutano wa jamii ulikuwa Jumamosi ya pili ya Machi. Wenyewe huuita kgotla, baraza mbele ya chifu, ambaye humwita Kgosi. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Mwekezaji alikuja na picha zake, akazisimamisha kwenye vibao. André alikaa mbele, mimi pembeni yake, Thabo nyuma yangu na suti mpya.

Baba mkwe alisimama akaishika ripoti juu.

"Hii imeandikwa na mtoto wangu mwenyewe," akasema kwa Kitswana. "Maji yapo!"

Vijana walishangilia. Wengine walirusha kofia. Niliangalia viatu vyangu. Nilikuwa nikijiambia: itapita. Watapiga kura, tutakwenda nyumbani, itapita.

Kgosi akauliza kama kuna mtu ana neno.

Upande wa wanawake akasimama Mama Biubwa.

Sikuwahi kumwona akizungumza barazani. Alijifunga kanga juu ya koti, akasema kwa Kitswana chake chenye lafudhi ya Unguja, ambacho watoto wa kijiji hukicheka.

"Kgosi, mimi sijui kusoma karatasi ile. Lakini siku waliyokuwa wanavuta maji kule malishoni, bomba letu lilikata. Mimi nilikuwa pale na ndoo. Na huyu na huyu walikuwepo."

Wanawake aliowagusa mabega wakaitika.

"Nikampigia simu mkwe wangu. Akaja jikoni kwangu akanieleza kwamba maji ya kule na ya huku ni mamoja, na gofu itayamaliza. Nadhani ameandika humo, ila mwenyekiti amesahau kutusomea ukurasa ule."

Akanigeukia. Uso wake ulikuwa umejaa fahari.

"Simama, mwanangu, uwasomee."

Kijiji kizima kikanigeukia.

André akanong'ona bila kufungua midomo, "Kaa chini."

Thabo akashika shingo ya blauzi yangu kwa nyuma, vidole viwili tu, taratibu, kama mtu anayemwondolea mkewe uzi.

Mwanzo nilitaka kusema mama hakunielewa. Naapa nilitaka. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: mama mkwe wangu ni mtu mzima, alinielewa vibaya. Yangekwisha pale. Wangemcheka kama wanavyocheka lafudhi yake, na angekaa.

Lakini alikuwa bado ananitazama, anatikisa kichwa kunitia moyo, akidhani nina haya ya kusema mbele ya watu.

Nikasimama. Vidole vya Thabo vikaachia.

"Mama amesema kweli," nikasema kwa Kiswahili. "Ukurasa huo ulikuwepo. Niliutoa mimi."

Kgosi alitaka nirudie kwa Kiingereza, karani wake akatafsiri neno kwa neno. Nikarudia. Saa kumi na moja, matope, hewa, bomba. Nikasema sahihi ni yangu, na hakuna aliyenishika mkono nikiandika.

Fujo ikazuka. Kijana mmoja alinirushia chupa tupu ikanipiga begani. "Rudi kwenu!" wakapiga kelele. Wanawake nao walisimama, wengine wakinitetea, wengine wakinizomea kwa yale yale niliyotoka kukiri. Mwekezaji alikuwa anakunja picha zake kabla Kgosi hajasema lolote.

Kgosi akaamua: hakuna kura. Watatafuta mpimaji mwingine, apime upya, asiye ndugu wa mtu. Mpaka hapo malisho yatabaki malisho.

Kwa hiyo maji yalipona, angalau kwa mwaka ule. Msinipongeze.

André aliondoka na gari bila mimi. Ujumbe wake uliingia kwenye simu kabla vumbi halijatulia: nisirudi kazini. Baba mkwe hakunifokea. Alipita mbele yangu akiwa ameshika kofia, akasema kwa Kiswahili, "Umenivua nguo mbele ya watu wangu," akaendelea kutembea. Mgongo wake ulikuwa umepinda ghafla.

Mama Biubwa nilimkuta uani kwake. Hakunikaribisha ndani.

"Uliutoa wewe ukurasa?"

"Niliutoa, mama."

"Ulipokuwa unaniambia 'nitawaambia', ulikuwa umekwisha kuutoa?"

"Hapana. Niliutoa baadaye."

"Na leo ungenyamaza kama nisingesimama?"

Akachukua ndoo yake.

"Mimi nilidhani nimesimama juu ya neno lako," akasema. "Kumbe nilisimama peke yangu."

Akaenda bombani. Nilitaka kumfuata nimbebee ile ndoo, lakini sikuthubutu.

Nilirudi Johannesburg kwa teksi. Thabo alikuwa ametangulia. Flati ilikuwa kimya. Kabati la Lesedi lilikuwa wazi, sare zake za shule hazipo, viatu havipo. Thabo hakupokea simu zangu Jumamosi, wala Jumapili. Jumapili jioni aliandika maneno manne: *Mtoto yuko salama. Usimtafute.*

Jumatatu asubuhi nikapata ujumbe wa ofisi ya vibali unaoniita. Nilioga, nikavaa vizuri. Nilijua kinachonisubiri. Nilijiambia: amefuta barua yake kwa hasira ya Jumamosi. Hasira hushuka. Nitamwomba msamaha, nitapiga magoti kama ni lazima, mpaka niishi na mwanangu.

Ofisa alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Alifungua faili langu, akasoma kwa muda mrefu.

"Mama, maombi haya yamekataliwa. Mume amejiondoa. Una siku kumi na nne za kutoka nchini."

"Najua," nikamwambia. "Tuligombana Jumamosi. Nitaongea naye, atarudisha barua."

Akaniangalia juu ya miwani.

"Jumamosi ipi?"

"Hii iliyopita. Juzi."

Aligeuza faili kwenye meza ili nione. Ilikuwa barua ya kujiondoa, sahihi ya Thabo chini, na herufi ya kwanza ameivuta mkia mrefu kama anavyofanya siku zote. Juu yake palikuwa na muhuri wa kupokelewa.

Tarehe kumi na nane Januari.

Nilisoma tena. Tarehe kumi na nane Januari nilikuwa bado sijakanyaga malisho ya Mmatlapeng. Pampu haijafungwa. Hapakuwa na ripoti ya kubishania, wala sentensi moja. Siku ile aliponiambia "barua yako nitaandika", alikuwa amekwisha kunifuta wiki nyingi nyuma.

"Lakini alinipa nyingine," nikasema. Sauti ilikuwa inatoka kwa mtu mwingine. "Niliileta mwenyewe hapa, Februari."

"Ipo. Haina kazi. Faili lilifungwa kwa hii ya kwanza."

Nilikuwa nimeuza maji ya kijiji kizima kwa karatasi ambayo aliyenipa alijua haifai kitu.

"Kwa nini?" nikauliza. Sijui nilimuuliza nani.

Yule mama akafunua ukurasa wa pili, akausoma mistari michache kimoyomoyo. Uso wake ukabadilika. Akaweka kiganja juu ya maandishi.

"Ameandika sababu," akasema taratibu. "Ukurasa mzima, na ameambatanisha picha. Una mtu wa kukaa naye hapa kabla sijakuonyesha?"

"Sina."

Kisha akaondoa mkono. Nilichokiona nitawasimulia Jumamosi ijayo.